Kwa nini machozi na maziwa ya mama huua bakteria bila kukudhuru wewe

Tuseme umejifungua juzi na sasa umerudi nyumbani Maneromango. Mtoto amelala. Titi linatoa maziwa mazito ya njano, na mama yako, aliyekuja kukusaidia siku hizi za uzazi, anayatazama na kutikisa kichwa. "Hayo ni dang'a, mwanangu, machafu hayo. Yakamue uyamwage, umpe mtoto maji ya sukari mpaka yashuke meupe." Hasemi kwa ubaya. Ndivyo alivyofundishwa na waliomtangulia. Kesho yake asubuhi jicho moja la mtoto limeshikana kwa tongotongo ya njano. Jirani anachungulia, anacheka kidogo: "Jambo dogo hilo. Likamulie maziwa yako, litapona."

Maziwa ni yaleyale. Mmoja anayaita uchafu, mwingine anayaita dawa. Wote wawili wamekosea, lakini si kwa kiasi kimoja, na ili uone kila mmoja amekosea wapi inabidi ujue kitu kimoja kidogo sana kilichomo ndani ya maziwa hayo, ambacho kimo pia ndani ya machozi yako. Kinaitwa laisozaimu.

Laisozaimu ni kimeng'enya. Vimeng'enya ni protini zenye kazi maalumu, na nyingi kati ya hizo hukata au kuunganisha vitu. Unavyo mdomoni sasa hivi. Tafuna kipande cha muhogo wa kuchemsha kwa muda bila kukimeza, utaanza kuonja utamu ambao hapo mwanzo haukuwepo: kimeng'enya cha mate kimeukata wanga kuwa sukari. Laisozaimu nayo hukata, ila haikati wanga. Inakata ukuta wa bakteria.

Ukuta wenyewe umejengwaje?

Itazame nyumba ya miti na udongo kabla haijakandikwa. Nguzo zimesimikwa, fito zimelazwa juu yake, na kila zinapokutana fundi amezifunga kwa kamba. Nguvu ya nyumba ile haiko kwenye ufito mmoja mmoja. Iko kwenye namna vyote vilivyoshikana.

Ukuta wa bakteria ni kazi ya namna hiyohiyo. Fito zake ni minyororo mirefu ya sukari. Kamba zake ni vipande vifupi vya protini vinavyoufunga mnyororo mmoja na jirani yake, mpaka unapatikana wavu mmoja unaomzunguka bakteria pande zote. Wataalamu wanauita wavu huo peptidoglaikani. Katika kila ufito kuna sukari za aina mbili zinazopokezana, kama shanga za rangi mbili zilizotungwa kwa zamu. Moja hufupishwa NAG, nyingine NAM. NAG ni ya kawaida, hata mwili wako unaitumia kwa kazi zake nyingine. NAM ndiyo ya kuangalia. Mwili wa binadamu hautengenezi sukari hiyo, na hata asidi muramiki iliyomo katika jina lake refu inatokana na neno la Kilatini lenye maana ya ukuta.

Bakteria anauhitaji ukuta huo kwa sababu ya maji. Ndani yake kumejaa chumvi, sukari na protini, kwa hiyo maji ya nje hujipenyeza ndani wakati wote na kumfanya avimbe. Kwa baadhi ya bakteria msukumo wa ndani unazidi ule wa tairi la gari. Bila wavu wa kumbana angepasuka. Seli zako hazina shida hiyo, kwani zinaogelea katika damu na majimaji ya mwili ambayo chumvi yake inalingana na ya ndani yake. Ndiyo maana hazikujenga ukuta wa namna hii, na ndiyo maana kitu kinachobomoa ukuta huo kinaweza kupita juu ya jicho lako kutwa nzima bila wewe kuhisi lolote.

Kinautambuaje?

Laisozaimu haina macho wala akili. Inaelea tu na kugongana na kila kitu kilicho karibu. Lakini uso wake una chaji chanya ya umeme, na uso wa bakteria kwa kawaida una chaji hasi, kwa hiyo ikimkaribia huvutwa kuelekea kwake. Hiyo ni hatua ya kwanza, na peke yake haitoshi, maana vitu vingi vina chaji hasi.

Hatua ya pili ni umbo. Upande mmoja wa laisozaimu kuna mfereji mrefu, kama alama inayobaki ukibonyeza kidole kwenye udongo mbichi. Mfereji huo una nafasi ya sukari sita zilizopangana, wala si sukari yoyote. Kila mahali kuna sehemu ndogo zinazoshika na zinazosukuma, na mnyororo wa NAG na NAM unapolala humo, mishiko midogo mingi hufungika kwa pamoja. Mshiko mmoja ni dhaifu sana, lakini yote kwa pamoja huushika ufito vilivyo. Mnyororo wa sukari nyingine hauingii vizuri, nao huachiwa.

Sukari ya nne ndiyo inayobanwa zaidi. Ili iingie inabidi ipindwe kidogo, nawe unajua ufito uliopindwa ni rahisi kukata kuliko ulionyooka. Hapo, kati ya sukari ya nne na ya tano, pana ncha mbili za kimeng'enya zilizotazamana, nazo hukikata kiungo. Laisozaimu huachia, huelea, hushika tena. Fito zikishakatwa mahali pengi wavu hulegea, maji huingia, na bakteria hupasuka.

Alexander Fleming aliliona jambo hili mwaka 1921 huko London. Alikuwa na mafua, akachukua kamasi yake mwenyewe na kuijaribu kwa bakteria. Maji yaliyokuwa na ukungu kwa wingi wa bakteria yakawa meupe ndani ya dakika chache. Baadaye alihitaji machozi mengi ya kufanyia majaribio, akawa anakamulia maganda ya limau kwenye macho yake na ya wenzake. (Ukilalamika kuhusu kazi yako, wakumbuke hao.) Mwaka 1965 David Phillips na wenzake, kwa kutumia laisozaimu ya ute wa yai la kuku, wakaonyesha umbo lake lote kwa miale ya eksirei, na mfereji ule ukaonekana wazi. Kilikuwa kimeng'enya cha kwanza duniani kuonekana hivyo.

Kuna vimeng'enya vingine vyenye njia ya kuvutia zaidi. Mtu anayekata tawi kwa panga hulishika kwa mkono mmoja na kukata kwa mwingine. Kimeng'enya kiitwacho lisostafini kiko hivyo: sehemu yake moja hushika ukuta wa bakteria wa majipu na sehemu nyingine hukata, ila hiki hakigusi fito, kinakata kamba. Kamba za bakteria huyo zina kipande cha pekee kilichotengenezwa kwa glisini tano mfululizo, na hicho ndicho lisostafini inachokitafuta. Virusi vinavyoshambulia bakteria navyo hubeba vimeng'enya vya namna hii vya kubomolea ukuta kutoka ndani wakati wa kutoka, na watafiti wanavichunguza kama dawa za baadaye.

Mbona basi tunaumwa?

Swali la haki. Kama machozi, mate na kamasi vina mkata ukuta, majipu yanatoka wapi? Homa ya matumbo je? Kifua kikuu?

Bakteria nao wana mbinu zao. Yule wa majipu huongeza kipande kidogo kwenye NAM zake, kama ufito wenye kifundo. Mfereji wa laisozaimu haumpokei tena vizuri, na mkato haufanyiki. Bakteria wa kipindupindu, wa homa ya matumbo na wengi wa kuharisha wamefanya kama mwenye nyumba aliyepiga plasta: nje ya ukuta wameweka utando wa mafuta, kwa hiyo laisozaimu inafika mlangoni lakini fito haizioni. Bakteria wa kifua kikuu amekwenda mbali zaidi, amejipaka tabaka nene la nta. Nta hiyo ni mojawapo ya sababu za dawa nyingi za kawaida kutomfaa na mgonjwa kuhitaji dawa maalumu za pamoja kwa miezi.

Halafu kuna wasio na ukuta huo kabisa. Virusi vya mafua havina. Kimelea cha malaria hakina. Kwao laisozaimu haina cha kushika.

Hapa ndipo somo hili linapogusa mfuko wako. Penisilini, ambayo Fleming huyohuyo aliigundua mwaka 1928, na ndugu zake kama amoksilini na ampisilini, nazo hulenga ukuta, ila kwa mlango mwingine. Hazikati fito. Zinamzuia fundi anayefunga kamba. Fundi huyo naye ni kimeng'enya, cha bakteria mwenyewe. Kazi yake ni kushika ncha ya kamba na kuifunga kwa jirani. Umbo la penisilini linafanana na ncha hiyo, fundi anaishika akidhani ni kamba, nayo inaganda mkononi mwake asiweze kuiachia. Bakteria anaendelea kukua, ukuta haufungwi, mwisho anapasuka.

Sasa fikiria mtu mwenye mafua anayekwenda duka la dawa na kuomba "amoksilini tano tu". Virusi vya mafua havina ukuta, fito, kamba wala fundi. Dawa itatembea mwilini mwake bila kumpata adui aliyetumwa kwake. Itawapata bakteria wengine, wale wanaoishi tumboni bila kumsumbua. Wengi watakufa, na watakaobaki ni wale wenye kinga, kwa mfano wenye kimeng'enya cha kukata penisilini kabla haijamfikia fundi. Hao ndio watakaozaana. Siku mtoto wake atakapopata nimonia ya kweli, ugonjwa ambao amoksilini ndiyo dawa yake ya kwanza, dawa inaweza isifanye kazi. Huo ndio usugu wa dawa. Na mwenye homa aliyekunywa tembe hizo bila kupima huku malaria ikiendelea amepoteza siku ambazo hakuwa nazo. Pima kwanza. Ukiandikiwa dawa, kunywa kwa siku ulizoambiwa, usimgawie jirani.

Neno kuhusu yai, kwa kuwa tumelitaja. Ute wa yai una laisozaimu nyingi, na ni moja ya sababu yai zima lisilopasuka linakaa siku kadhaa bila friji. Wapo wanaosikia hivyo wakaona wana haki ya kumpaka mtoto ute mbichi mahali alipoungua na uji. Usifanye hivyo. Bakteria wa salmonela, anayeweza kuwepo kwenye yai, ni wa wale waliopiga plasta, na laisozaimu haimwezi peke yake. Unakuwa umempandikiza kwenye kidonda kibichi. Aliyeungua mwagie maji safi ya baridi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20, mfunike kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya.

Turudi kwa dang'a

Maziwa ya mama yana laisozaimu zaidi ya mara elfu moja ya ile iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe. Hilo pekee lingetosha kumfanya mtu afikirie mara mbili kabla ya kukimbilia kopo. Lakini laisozaimu kwenye maziwa hayo haiko peke yake, na hapa pana jambo zuri. Kuna protini nyingine, laktoferini, inayoushika utando wa mafuta wa bakteria wale wa plasta na kuubandua. Majaribio ya maabara yaliyochapishwa mwaka 1991 yalionyesha kwamba bakteria waliokuwa wakiistahimili kila moja peke yake walikufa zilipowekwa pamoja. Mmoja anabandua plasta, mwenzake anakata fito.

Dang'a ndiyo yenye laktoferini nyingi kuliko maziwa yatakayofuata, pamoja na kingamwili nyingi ambazo mwili wako umezitengeneza dhidi ya magonjwa uliyokwisha kukutana nayo. Unjano wake si uchafu. Unatokana na karotini, ileile inayolipa embe bivu rangi yake. Ni machache, pengine vijiko vichache kwa siku, na tumbo la mtoto wa siku moja ni dogo kiasi hichohicho. Maji ya sukari hayana chochote katika hivyo, na yakichotwa kisimani bila kuchemshwa yanaweza kuwapeleka tumboni mwake bakteria walewale ambao dang'a ingewazuia. Kwa hiyo mtoto anyonye ndani ya saa moja baada ya kuzaliwa, na maziwa ya mama peke yake, bila maji wala uji, mpaka atimize miezi sita. Hata ukiendelea kunyonyesha mwaka wa pili laisozaimu haipungui, inaongezeka. Kama unaishi na VVU, endelea na dawa zako na fuata maelekezo ya kliniki kuhusu kunyonyesha.

Mama yako huna haja ya kumkatalia kwa ukali. Mkalishe, mweleze habari ya fito na kamba. Wengi wa umri wake wameshiriki kujenga nyumba za namna hiyo, huenda akaielewa kuliko wewe.

Jicho

Jirani yuko karibu na ukweli, na ndiyo maana ushauri wake ni wa hatari zaidi. Maziwa yana mkata ukuta, ndiyo. Lakini tongotongo ya njano au usaha kwenye jicho la mtoto wa siku mbili mpaka tano, hasa kope zikiwa zimevimba, inaweza kuwa ni bakteria wa kisonono aliyempata wakati wa kupita njia ya uzazi. Huyo ni wa wale wenye utando wa nje, anaongezeka haraka, na anaweza kutoboa kioo cha jicho ndani ya saa 24. Matone ya maziwa hayamzuii, na mtoto mchanga hana machozi mengi ya kusaidia. Kila asubuhi unayosubiri uone kama maziwa yatafanya kazi ni asubuhi iliyotolewa kwenye uwezo wake wa kuona.

Usaha unaoanza baadaye kidogo, baada ya siku tano mpaka wiki mbili, mara nyingi ni wa klamidia, wa jamii moja na anayeleta trakoma. Huyo hujificha ndani ya seli za mtoto mwenyewe na ukuta wake ni mchache mno, kwa hiyo hata dawa za ukuta hazimfai vizuri. Huhitaji dawa inayozuia bakteria asitengeneze protini. Kwa macho huwezi kuwatofautisha. Ndiyo maana hata dawa ya macho iliyobaki kwa mtoto wa dada yako haifai kutumika kwa kubahatisha.

Mpeleke mtoto kituo cha afya siku hiyohiyo, au hospitali ya wilaya Kisarawe kama utaelekezwa huko. Njiani futa usaha kwa kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji yaliyochemshwa na kupoa, kutoka pembe ya ndani kwenda nje, kitambaa kimoja kwa jicho moja, kisha nawa mikono kwa sabuni. Endelea kumnyonyesha. Ikiwa ni kisonono atachomwa sindano ya seftriaksoni, ambayo ni ndugu wa penisilini: inapenya utando ule wa nje na kumganda fundi wa kamba mkononi. Wewe na baba wa mtoto mtapimwa na kutibiwa pia, hata kama hakuna anayehisi maumivu.

Na kama maziwa ulishayakamulia jichoni kabla ya kusoma hapa, hakuna atakayekukaripia. Mwambie mhudumu, mweleze pia ni lini usaha ulianza na kama mtoto alipakwa dawa ya macho alipozaliwa. Hayo ndiyo anayohitaji kujua.